Kitanzi kwenye Cheti

Wifi yangu Yudith hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi Ruthi, kama kila mtu wa Vudee atakavyokuambia, sijawahi kunyamaza nikiwa macho. Ndiyo maana habari zake nazieleza mimi. Yeye mwenyewe ukimuuliza atakujibu, "Nilikuwa natoa dawa," kisha ataendelea kuchambua maharage yake.

Alipoolewa na kaka yangu Tumainieli, kaka alikuwa dresa, yaani mtu wa kufunga vidonda na kutoa dawa, aliyefundishwa miaka minne katika hospitali ya misheni. Alirudi nyumbani na cheti chenye muhuri, akajenga nyumba ya dawa kando ya njia ya kwenda kanisani. Ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, benchi nje, na kabati alilolichonga mwenyewe, ambalo mlango wake ulihitaji kupigwa teke kidogo ndipo ufunguke. Cheti alikitundika ukutani kwa msumari. Juu ya mlango aliweka ubao wenye jina lake. Watu walilipa kwa mayai, kwa maharage, na wengine kwa kuahidi.

Sasa, wazee wetu wengi hawakujua kusoma. Mama yetu, Eliwaza, alikuwa anashika kitabu cha nyimbo juu chini na kuimba beti zote bila kukosea. Ukimwandikia mtu kama huyo kwamba dawa hii ni ya kuchua na si ya kunywa, umejiandikia mwenyewe. Kaka alilifikiria jambo hilo, akaanza kufunga nyuzi kwenye shingo za chupa. Uzi wa mgomba wenye fundo moja, unywe asubuhi tu. Mafundo mawili, asubuhi na jioni. Uzi mwekundu, uliochomolewa kwenye kitambaa cha dukani, usinywe hata kiu ikikuua, hiyo ni ya kupaka. Na kama alitaka mgonjwa arudi dawa ikiisha, mwisho wa uzi aliufanya kitanzi kidogo. Mgonjwa akirudi na chupa yake, kaka alimtazama ulimi na macho, kisha akakifungua kitanzi kwa mkono wake, na hapo ndipo mtu aliposadiki kwamba amepona. Wengine walirudi wazima kabisa, wamepiga safari ya nusu siku, ili tu wafunguliwe.

Nyuzi zenyewe alizisokota Yudith. Jioni walikaa kwenye lile benchi, yeye anasokota, kaka anakata na kufunga, na ungepita pale ungedhani wamegombana kwa jinsi walivyokuwa kimya. Hawakuwa wamegombana. Mimi mume wangu alikuwa amekwisha kufa na nilikuwa nimerudi kwa mama, na nasema bila haya kwamba niliwaonea wivu.

Mwaka wa 1942 kaka aliingia jeshini, upande wa matibabu. Asubuhi ya kuondoka alisema mbele yetu sote, "Yudith, nikirudi nataka nikute mlango uko wazi na jina langu liko juu yake." Yudith hakulia. Alichukua uzi wa mgomba, akaupitisha kwenye kifungo cha shati la mumewe, akafunga kitanzi mwishoni. Kaka alikitazama, akacheka, akateremka mlima nacho.

Barua ya kwanza ilitoka Nairobi. Ya pili ilitoka Silani, kisiwa cha karibu na Uhindi, na ndani yake alisema kitanzi kipo, amekihamishia kwenye shati la jeshi. Ya tatu ilitoka Bama, kwenye vita na Wajapani, nusu ya maneno yamekatwa kwa mkasi na wakubwa wake. Baada ya hiyo, katikati ya mwaka wa 1944, barua zikakatika.

Yudith aliendelea. Kaka alikuwa amemfundisha dawa zote za kabatini na vipimo vyake, na watu walimwamini. Kila asubuhi alifungua mlango, kila jioni alipanda kigoda akaupangusa ule ubao wa jina. Nikamwambia, "Wifi, utaumaliza ubao." Koti jeupe la kaka alilifua kila mwezi, ingawa hakuna aliyelivaa, akalirudisha kwenye ndoano yake. Siku moja nilimkuta amesimama mbele yake, ameingiza mkono ndani ya mkono wa koti, mpaka vidole vimetokeza. Aliniona, hakuutoa. Akasema, "Wifi, nina hamu naye mpaka tumbo linaniuma." Nilikaa chini nikalia mimi, maana yeye hakuwa na muda huo, kulikuwa na mtoto mwenye jipu anasubiri nje.

Kisha zikaja sheria mpya za dawa. Alizileta Eliamini, karani wa afya kutoka boma la Same, kijana wa Ngujini huko Ugweno, mwenye kaptura iliyopigwa pasi hata ungedhani inaweza kusimama peke yake. Alizisoma uwanjani baada ya ibada. Kuanzia siku hiyo, dawa haikuruhusiwa kutoka katika nyumba yoyote ya dawa bila chupa kubandikwa karatasi yenye jina la dawa, namna ya kuitumia, na muhuri wa serikali. Kitu kingine chochote kisifungwe kwenye chupa. Dhara lolote litakalotokana na dawa liandikwe daftarini na kupelekwa boma ndani ya siku saba. Na kama mwenye cheti yuko vitani, msaidizi wake anaweza kuendelea kwa jina la mwenyewe, ilimradi lisitokee dhara hata moja. Likitokea, cheti kirudishwe Same, na jina lake liondolewe mlangoni.

Yudith aliinua mkono. "Bwana Eliamini, hata uzi mwekundu hauruhusiwi?"

"Hata huo, mama. Bwana Daktari wa boma aliona nyuzi zenye mafundo kwenye chupa akadhani ni hirizi. Serikali haitaki dawa ya hospitali ichanganywe na uganga."

"Na wasiojua kusoma?"

"Wasomewe," alisema Eliamini, akakunja karatasi yake.

Yudith alirudi, akachukua kisu, akakata nyuzi zote kwenye chupa zote za kabatini. Hakuzitupa. Alizijaza kwenye mfuko wa lile koti jeupe. Nilimwuliza mbona ametii upesi hivyo, na mimi ningebishana na Eliamini mpaka jua litue. Akanijibu kwamba yuko tayari kubandika karatasi hata kwenye mbuzi, mradi Tumainieli akirudi akute jina lake lipo.

Tatizo ni kwamba waliotunga sheria ile hawakutujua Wapare na karatasi. Siku hizo karatasi yenye muhuri ilikuwa kitu cha kuogopwa. Marehemu baba aliwahi kufungwa boma siku mbili kwa sababu panya walikula stakabadhi yake ya kodi. Na mwaka ule ndio kodi mpya ya mbiru ilikuwa inazungumzwa kila njia panda, watu wanahesabiwa mali zao na kuandikiwa karatasi juu ya karatasi. Kwa hiyo mtu wa Vudee akipewa chupa iliyobandikwa karatasi yenye muhuri, aliona wazi kwamba dawa itaisha lakini karatasi itadaiwa. Basi alifika nyumbani, akalowesha chupa kwa maji ya moto, akabandua karatasi taratibu isichanike, akaikausha na kuiweka mahali salama. Chupa ilibaki tupu kama ilivyozaliwa. Mimi pia nilibandua, tena nilijisifu kwamba zangu hazikupasuka hata pembeni.

Zilikuwa mbili. Mama alikuwa na kikohozi na magoti yalikuwa yanamsumbua, Yudith akanipa chupa ya kunywa na chupa ya kuchua, akanisomea zote mbili polepole, akanirudisha mlangoni akanisomea tena. Nikamwambia, "Wifi, mimi si mtoto." Nyumbani nikabandua karatasi, nikaziweka kwenye mkebe wa stakabadhi, na chupa nikaziweka juu ya kichanja, ya kunywa kushoto, ya kuchua kulia. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Siku ya tatu zamu ya maji ilikuwa yetu. Ndiva, lile bwawa letu la juu, likifunguliwa asubuhi na wewe hujafika na jembe lako, maji yanapita kwenda kwa jirani na wewe unabaki kutazama. Nilikuwa nimechelewa. Mama alikuwa amefagia asubuhi ile na kuzisogeza chupa. Nilichukua ya kushoto, nikamnywesha vijiko viwili nikiwa nimesimama, jembe begani. Mama pua zake zilikuwa zimeziba kwa mafua. Alikunja uso akasema, "Leo ina nguvu." Nikamjibu ndivyo inavyotakiwa, nikaondoka mbio.

Majirani walinifuata shambani. Nilipofika Yudith alikuwa amekwisha kumshika mama kichwa, anamnywesha maziwa na ute wa mayai, kidogo kidogo. Midomo ya mama ilikuwa imebabuka, na sauti haitoki. Yudith hakuniuliza kitu. Alinusa kijiko, akaitazama chupa, halafu akanitazama mimi, na natamani angenipiga. Siku mbili alikaa pale bila kubadilisha nguo. Siku ya tatu mama alifungua jicho moja, akauliza kwa kunong'ona kama kuna makande. Hapo nikajua ataishi, na hapo hapo nikakumbuka sheria.

Nilimfuata Yudith nyumba ya dawa, nikamkuta amefungua daftari.

"Wifi, usiandike," nilisema. "Mama amepona. Anayejua chanzo ni mimi, wewe na yeye. Mimi nitanyamaza."

"Wewe?" alisema Yudith. Ingekuwa siku nyingine tungecheka sote.

"Nisikilize. Ukiandika, cheti kinakwenda Same na jina lake linatoka mlangoni. Umekaa miaka miwili unapangusa ubao ule. Kwa kosa langu mimi umfute mumeo?"

Aliweka kalamu chini. Nikadhani nimemshinda. Alitazama koti ukutani muda mrefu, machozi yakamtoka, mara ya kwanza kuyaona tangu kaka aondoke, na hakuyafuta.

"Atarudi," alisema. "Atamwona mama yake ana kovu mdomoni. Ataniuliza, Yudith, mama aliungua na nini? Halafu atafungua daftari kutafuta siku hiyo. Unamjua kaka yako. Akikuta hapana kitu, nimwambie nini?"

Aliandika yote, jina la mama, vijiko viwili, na kwamba karatasi ilibanduliwa. Jina langu hakuliandika. Niliondoka nimemkasirikia sana, na siku nzima sikusema na mtu, jambo ambalo pale kwetu bado linakumbukwa.

Tulishuka Same pamoja, yeye amebeba cheti ndani ya kitambaa, mimi nimebeba mkebe wangu. Uwanja wa boma ulikuwa umejaa watu wa mbiru. Walikuwa wameshuka kutoka milima yote kulalamikia ile kodi, na walikuwa wanapika na kulala pale pale. Tulipita katikati yao, nikisalimia huku na huku, mpaka chumba cha Bwana Daktari, Mwingereza mrefu aliyejua Kiswahili cha kutoa amri. Eliamini alikuwa amesimama pembeni.

Bwana Daktari alisoma daftari. Akauliza kwa nini chupa haikuwa na karatasi, je, msaidizi hakubandika? Yudith alinyamaza. Angenyamaza mpaka kesho. Nikaufungua mkebe nikaumwaga mezani: stakabadhi za marehemu baba, za kaka, na zile karatasi mbili za dawa, zimekunjwa vizuri.

"Alibandika, bwana," nilisema. "Mimi ndiye niliyebandua. Ina muhuri wako. Ningeipoteza, nani angefungwa?"

Eliamini aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Bwana Daktari hakucheka. Aliuliza kama wengine wanafanya vivyo hivyo. Nikamwambia aende Vudee akatazame ndani ya Biblia na chini ya nyasi za paa, atakuta karatasi zake zote, safi kuliko alivyozileta. Alizigeuza zile karatasi, akatazama dirishani, kule kwa watu wa mbiru. Mwishowe akamwuliza Yudith habari za nyuzi, na Yudith akamweleza, fundo moja, mafundo mawili, uzi mwekundu. Akaziandika zote.

Hukumu yake ilikuwa hivi. Nyuzi zitaruhusiwa, karatasi ibaki juu na uzi chini yake. Yudith ataulizwa maswali ya dawa pale pale, na akijibu atapewa kibali kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa mtu anayejishtaki mwenyewe hapatikani kila siku. Lakini dhara limetokea, na sheria haina njia nyingine: cheti cha Tumainieli kinabaki boma.

Yudith alijibu maswali yote. Mimi nilikuwa karibu kupiga vigelegele. Kisha Eliamini akamwekea karatasi ya mwisho mbele yake, akamwonyesha pa kutia sahihi. Ilisema kwamba Tumainieli si mtoaji wa dawa tena katika Vudee.

Furaha yangu ikakauka. Yudith alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Nje watu wa mbiru walikuwa wameanza wimbo. Nilitaka kumwambia twende zetu, tufunge mlango, tulime tu, lakini niliwaza mtoto mwenye jipu na mama na magoti yake, na kwa mara moja maishani mwangu nikafunga mdomo. Alitia sahihi. Jina lake lilitoka limepinda.

Halafu akakivuta cheti, akatoa uzi wa mgomba kwenye pindo la kanga yake, akaupitisha kwenye lile tundu la msumari, akafunga kitanzi mwishoni.

"Mama, hii ni nini?" Eliamini aliuliza.

"Si mmeruhusu nyuzi?"

"Kwenye chupa, mama."

"Hiki maana yake arudi," alisema Yudith.

Eliamini alimtazama, akamtazama bwana wake aliyekuwa anaandika, akakiweka cheti kwenye jalada na uzi wake, akafunga.

Ubao wa kaka tuliuondoa mlangoni, tukauweka ndani juu ya kabati, na nje ukakaa wa Yudith. Watu walikuja wengi kuliko zamani, sasa kwa kuwa nyuzi zilikuwa zimerudi. Wafunguliwaji nao walirudi, wazima kama ng'ombe. Vita vikaisha. Mwaka wa 1946 wanajeshi walianza kurejea, wawili kijijini Chome, mmoja hapa hapa Vudee aliyekuja na kofia na kikohozi. Lori likipiga honi huko chini njiani, Yudith alitoka nje na mikono yake ina dawa, akasimama mpaka lori lipite au mtu ashuke. Akishuka mtu mwingine alimpokea vizuri, akamuuliza habari za safari, akarudi ndani. Mimi niliacha kutoka. Sikuweza kuona uso wake kila mara.

Kisha siku moja akaja Eliamini, kwa miguu, na kaptura yake ilikuwa imekunjamana. Alimwamkia mama kwa sauti ya msibani, "Shikamoo mama," mama akaitikia, "Marahaba," na sote tukajua. Alikuwa na bahasha mbili. Moja ilitoka jeshini, ikisema kwamba Tumainieli hajulikani alipo tangu mwezi wa sita wa mwaka wa 1944, kwamba wameacha kumtafuta na jalada lake limefungwa. Ya pili ilitoka boma. Sheria ilisema cheti cha mtu aliyefungiwa jalada hurudishwa kwa wenyewe.

Mama alipiga yowe. Mimi nilipiga yowe. Yudith alitoa cheti ndani ya bahasha, na uzi ulikuwapo bado, umekauka, na kitanzi chake mwishoni. Alikaa kwenye lile benchi akakiweka mapajani.

Sijui ni shetani gani alinishika ulimi. Nilitaka kumfariji. Nilisema, "Wifi, kimerudi. Kifungue, upumzike."

Aliinua uso. "Niliyemwambia arudi si karatasi," alisema.

Akaingia ndani, akakitundika cheti kwenye msumari wake wa zamani, kikiwa na kitanzi chake. Mtoto wa jirani alikuwa anasubiri chupa ya mama yake, akampa, akampeleka mpaka njiani.

Sasa tumezeeka sote wawili. Nyumba ya dawa ilikwisha kufungwa, dawa sasa zinatoka zahanati ya serikali, lakini cheti kipo ukutani kwake. Uzi wa mgomba haudumu, unakauka na kukatika. Kila mwaka mvua za vuli zikianza namwona amekaa kwenye benchi anasokota mpya. Anaingia, anaupitisha tunduni, anafunga kitanzi, anakivuta kuona kama kimeshika. Akishamaliza, ndipo anaukata ule wa zamani.